Mgongo wa Mwanahawa

Nyie wauguzi wapya mnaotoka vyuoni na saa zenu nzuri, naanza na mgongo. Sukari mmeisoma. Figo mmeichora kwenye daftari mkaipaka rangi. Lakini mgongo wa mtu wa Uluguru hamjausoma, na huo ndio utakaowafia mkononi.

Hapa Morogoro kila mtu anaumwa mgongo. Mama anayeshuka mlimani na beseni la karoti kichwani anaumwa mgongo. Anayepanda na mfuko wa mbolea anaumwa mgongo. Ukimuuliza mtu wa mlimani ana tatizo gani, atakutajia mgongo hata kama amekuja kung'olewa jino. Kwa hiyo mgonjwa akitamka neno hilo, masikio yetu yanajifunga yenyewe. Tunampa dawa ya kuchua, tunampa pole, tunaita anayefuata. Nami nimekaa wodi ya wanawake mpaka magoti yakaanza kunisemesha, na watu niliowaona wakiingia kwa miguu yao na mgongo, wakatoka wamebebwa, nawakumbuka kwa sura.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Apolonia, Mungu amrehemu. Mfupi, mkali, hacheki, na alikuwa na mkono mzito kuliko mwili wake. Mtu akisema mgongo, Sista Apolonia anamkalisha kitako, anatafuta pale ubavu wa mwisho unapokutana na uti wa mgongo, anaweka kiganja, halafu anakigonga kwa ngumi ya mkono wa pili. Si kwa nguvu. Unagonga kama unavyobisha hodi kwa mkweo.

"Mgongo wa shamba," aliniambia, "ukiugonga mwenyewe anasema hapo hapo sista, endelea. Mgongo wa figo unaruka."

Nikamuuliza, "Na mwenye sukari?"

"Huyo anaweza asiruke. Sukari imeshakula mishipa ya fahamu. Figo inaoza, yeye anakwambia amechoka kidogo tu. Ukimwona ametulia, wewe usitulie."

Enzi hizo sukari tuliipima kwa kuchemsha mkojo kwenye kichupa, pamoja na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, shukuru. Ikiwa kijani, una maneno. Ikifika rangi ya tofali, kaa chini. Wodi ilinuka, na aliyekuja na chai yake aligeuza nayo. Siku moja nilikuwa nachemsha, mkojo ukafura ukaruka mpaka kwenye koti la daktari mkuu aliyekuwa anapita. Akajitazama kifuani, akaniuliza, "Majibu?" Nikamwambia, "Kijani, mzee." Akaenda kubadilisha koti. Leo mnatoboa kidole, kimashine kinawapa namba, na bado mnalalamika kwamba betri imekwisha.

Sasa niwape habari ya Mwanahawa, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae chini niongee.

Mwanahawa alikuwa mama wa mboga. Aliishi juu ya mji, kule ambako ukisimama mlangoni unaliona soko lote na huwezi kulifikia bila jasho. Alikuwa na sukari na alikuwa na kadi ya kliniki, imekunjwa vizuri, safi kabisa, kwa sababu haikutumika. Alishuka alfajiri na beseni lake, akauza, akapanda mchana. Wanawake wale wana utaratibu wao ambao hamtaukuta kwenye kitabu: kabla ya kushuka, hawanywi maji. Hata tone. Maana njiani hakuna pa kujisitiri, na sokoni ukiacha beseni kwenda chooni, ukirudi mteja wako yuko kwa jirani. Basi mtu anajikausha, na mkojo kidogo uliopo anaubana mpaka arudi kwake. Vidonge vya sukari navyo havimezi, kwa kuwa hajala, na hajala kwa kuwa hajauza. Fanya hivyo mwaka nenda mwaka rudi, ukiwa na sukari, halafu niambie wadudu kwenye mkojo watahama waende wapi. Wanapanda juu. Wanahamia kwenye figo.

Alipoanza kutetemeka kwa homa akasema mgongo. Mumewe, Shabani, mtu mpole anayeshona viatu, akamchua kwa mafuta. Jirani akamletea mizizi. Mwenyewe akazidi kukojoa, kwa hiyo wakamnyima maji ili mkojo upungue. Msicheke. Ni akili kabisa, ila imetazama upande usio. Alipoanza kutapika na kuongea maneno yasiyo na mwanzo, ndipo wakamshusha kwa machela, vijana wakipokezana.

Nilikuwa zamu. Nikampima sukari, kimashine kikakataa kutoa namba, kikaandika tu kwamba imepita kiasi. Nikamkalisha, nikamgonga kama nilivyofundishwa. Hakuruka.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nimechoka tu, sista."

Nikamwita daktari bila hata kuvaa viatu vizuri.

Daktari alikuwa kijana, Lusajo, fundi wa upasuaji, mikono yake haina papara. Akamwekea dripu, insulini, dawa kali za kuua wadudu kwenye mshipa, mpira wa mkojo, akampeleka kwenye picha. Aliporudi na picha akaninyooshea kidole. Figo ya kushoto ilikuwa na usaha, hilo nililitegemea. Lakini pia ilikuwa na hewa. Vipovu, ndani ya nyama ya figo yenyewe. Wale wadudu wakikuta sukari nyingi wanaila na kutoa gesi, kama togwa inavyoumuka kwenye mtungi. Hiyo, wanangu, si U.T.I. ya kumeza vidonge ukarudi sokoni. Hiyo inaua, na inaua haraka, na inawapenda wenye sukari kuliko watu wengine wote.

Nikamweleza Shabani kwamba mkewe ana gesi kwenye figo. Akatoka, akarudi na soda ya tangawizi ili acheue.

Na hapo nimwage hasira yangu kidogo kuhusu kabati la mgonjwa. Nyie mkiingia zamu, kabla ya kusoma chati fungueni kabati. Watu wetu wana upendo, na upendo wao ni mtamu. Mwanahawa alikuwa na sukari ya kuvunja mashine, na kwenye kabati lake nilitoa soda, maji ya miwa, glukosi ya kopo, uji wenye sukari hadi kijiko kinasimama, na asali ya mlimani, "kwa ajili ya nguvu." Nilimuuliza shangazi mmoja, "Huyu anaumwa nini?" Akanijibu kwa utulivu, "Sukari." Nikamwonyesha kopo. Akasema, "Hiyo si sukari, sista, hiyo ni glukosi." Nilikwenda dirishani nikavuta pumzi.

Daktari alipitisha mrija mgongoni mpaka kwenye figo, usaha ukatoka. Homa ikashuka, tukafurahi. Kesho yake ikapanda tena, presha ikaanza kuteremka, mkojo ukapungua, ule unaotoka ukawa na rangi ya chai. Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, figo hii imekufa. Ikibaki itakuvuta na wewe. Nataka niitoe, leo."

Asubuhi hiyo Mwanahawa alikuwa na akili zake. Akamtazama, akasema, "Mjomba aje."

"Mumeo yupo hapa."

"Huyo ni mume wangu," akasema, kwa sauti ya kumwelewesha mtoto. "Mjomba aje."

Mimi ni mtoto wa mtu wa reli, nimezaliwa Ngerengere, mambo ya wajomba niliyajulia kazini. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mume, hata awe mwema kama Shabani, ni mgeni aliyekaribishwa akapendwa. Mwili wa Mwanahawa ni wa ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa mjomba wake, Mzee Kibwana, wa Tegetero, upande wa pili wa mlima. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemwoza. Kumkata bila yeye kujua, Mwanahawa alituambia, ni kama kuvunja nyumba ya mtu akiwa shambani. Daktari alimweleza hatari yote, neno kwa neno, na mimi nikarudia kwa lugha ya sokoni. Alielewa. Akasema tena mjomba aje, akafumba macho.

Shabani akatoka nje kupiga simu. Mtandao wa kule unapatikana kwenye jiwe moja, kwa hiyo alimpigia aliye karibu na jiwe, aliye karibu na jiwe akakimbia kwa mzee. Shabani akarudi uso umenyooka. "Ameipata. Anashuka."

Kutoka Tegetero mtu aliyeamua anafika mjini siku hiyo hiyo. Mchana ukapita. Jioni ikapita. Mwanahawa akauliza, "Amefika?" Nikamwambia yuko njiani. Akauliza tena. Nilikuwa nimemwona mzee yule mara moja tu, amekuja kumtazama ndugu yake mwingine wodini, na nilichokumbuka ni kwamba alikuwa mwepesi wa miguu kuliko vijana. Sikuelewa. Daktari Lusajo akawa anapita pale kila mara akijifanya ana shida na dripu. Shabani alipiga simu tena, jiwe halikupokea.

Asubuhi yake Mwanahawa alianza kuniita kwa jina la marehemu mama yake. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akipoteza akili kabisa, yeye ataingia chumba cha upasuaji na mjomba atamkuta huko huko. Nikamwambia sawa. Lakini niliogopa, nasema kweli. Niliogopa atakufa, na niliogopa akipona atuone kama wezi.

Jua lilipokuwa juu nikasikia vilio getini.

Si kilio cha mtu mmoja. Kilio cha msafara. Nikatoka. Akina mama wamejifunga kanga kiunoni, vichwa vimefunikwa, wanalia kwa zamu. Wanaume nyuma, kimya. Mbele yao mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa cheupe, amebeba furushi jeupe jipya kwapani. Nikamwendea yule mama aliyekuwa karibu.

"Poleni. Nani amefariki?"

"Mwanahawa wetu."

"Mwanahawa yupi?"

"Wa Shabani fundi viatu."

Nikasema, "Huyo nimetoka kugombana naye sasa hivi. Amekataa uji."

Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Mzee Kibwana akanitazama, akalitazama lile furushi, akakaa chini pale pale kwenye changarawe.

Shabani alikuwa ametoka. Mzee akamwinulia kidole.

"Shabani! Wewe uliniambiaje?"

"Nilisema Mwanahawa amezidiwa, mjomba, ushuke upesi."

"Sasa?"

"Sasa amezidiwa, mjomba. Ndivyo ilivyo."

"Mtu akizidiwa," mzee akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, "tunasema hajambo kidogo! Akiwa anakata roho tunasema anaendelea! Akishakufa ndipo tunasema amezidiwa, shuka upesi! Wewe umeoa kwetu miaka yote hii, hujui hata kupiga simu?"

Akina mama wakaafiki kwa vichwa. Shabani wa watu, akainamisha kichwa. Hakusema uongo, ndilo lililokuwa kosa lake. Huku kwetu msiba hautangazwi kwa simu, mtu asije akaanguka njiani. Unaambiwa mgonjwa amezidiwa, nawe unajua, unafunga safari na sanda. Mzee aliposikia hivyo alifanya kama mtu mzima anayejua wajibu wake. Hakukimbia. Marehemu hakimbiliwi. Aliwaita ndugu, akawaagiza vijana wakachimbe kaburi penye makaburi ya ukoo, akasimama juu yao mpaka likanyooka, akanunua sanda, ndipo akashuka kuja kuchukua mwili. Mpwa wake alikuwa anamngoja huku akioza, na yeye alikuwa anamchimbia.

Katika msafara alikuwepo mtani wao, amekuja kufanya kazi ya watani msibani. Huyo ndiye wa kwanza kupata kauli. "Mwanahawa," akapaza sauti kuelekea dirisha la wodi, "umetudhulumu! Tumetembea njia yote hii, hakuna hata pilau!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nikamshika mzee mkono nikamwinua, nikamwambia furushi aliache nje.

Aliingia, akavua kofia, akakaa. Mwanahawa akafumbua macho. Bahati yetu, au dua za mtu, wakati ule akili ilikuwa imerudi.

"Mjomba. Umechelewa."

"Kawia ufike," mzee akasema. "Nilikuwa nachimba..." Akakohoa. "Nilikuwa na kazi kidogo shambani."

"Wanataka kuitoa figo yangu."

"Unazo ngapi?"

"Daktari anasema mbili."

Mzee akamgeukia Lusajo. "Hiyo nyingine ni nzima?"

"Imechoka, lakini ni nzima. Ikitunzwa itamfaa."

"Na hii?"

"Imeoza, mzee."

Mzee Kibwana akasema maneno ambayo nimestaafu nayo, sikuyaacha ofisini pamoja na gwanda. Akasema, "Daktari, mimi jana nilikuwa tayari kuupa udongo mtu mzima. Nitakunyima wewe figo moja iliyooza?" Akamshika mpwa wake paji la uso. "Mpe, mama. Mpe haraka."

Nilimsukuma mimi mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Niliporudi nikaingia chumba cha kuoshea vyombo, nikalia kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Alipona. Si kama kwenye hadithi, kwamba kesho yake aliimba. Kidonda kilisumbua, sukari ilipanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda, figo iliyobaki ilinuna kwa muda tukaogopa kwamba itabidi tumpeleke kwenye mashine ya kusafisha damu. Lakini alitoka kwa miguu yake. Kule Tegetero lile kaburi lilileta mjadala. Likishachimbwa haliachwi wazi, litaita mtu. Wakakata mgomba, wakauzika kwa heshima zote. Mwanahawa alipopata nguvu alikwenda kulitazama. Nikamuuliza alijisikiaje. Akasema mgomba ule ulikuwa wa aina nzuri, ni hasara.

Sanda nayo, muuza duka alikataa kuipokea tena. Mzee Kibwana akampelekea Mwanahawa, akamwambia, "Iweke kwenye sanduku lako. Mmoja wetu ataivaa, tutaona nani ana haraka." Ikakaa huko, chini ya vitenge vyake vya sikukuu.

Basi nilichojifunza nakitoa bure. Mgonjwa wa sukari akisema mgongo, gonga, na asiporuka pima mkojo hata hivyo. Akianza kutapika na homa, asikae nyumbani kuchuliwa. Maji anywe. Mama wa mboga mwambieni aende chooni, na jirani yake mwambieni amlindie beseni, maana mkimwambia peke yake mnapoteza mate. Na siku mkiwapigia ndugu wa mgonjwa, wa mlimani au wa popote, msiseme amezidiwa halafu mkakata. Mpeni mgonjwa simu. Hata akiguna tu. Mtu akisikia pumzi ya mtu wake atashuka mlima mbio, hatapitia kwenye kaburi.

Hilo la simu, Mwanahawa alilishika kuliko mimi. Sasa ana meza yake sokoni, habebi tena beseni, chupa ya maji iko pembeni ya nyanya na anakunywa mbele za watu. Alimshusha na mjomba wake akapimwe, kwa sababu mzee naye alikuwa akisema mgongo, mgongo. Nilimgonga mimi, ingawa nilishastaafu. Akasema, "Hapo hapo, sista, endelea." Hana sukari, mkojo safi. Mgongo wake ulikuwa mgongo.

Juzi nimekwenda kununua mchicha. Mwanahawa ananifungia, simu yake ikalia. Akaiweka sikioni, akasikiliza, mkono mwingine ukaacha kufunga.

"Mjomba amezidiwa?" akauliza. "Nipande upesi?"

Akasikiliza tena.

"Sawa, nimekuelewa. Mpe simu nimsikie."

Akangoja. Mimi nami nikangoja, nimeshika kikapu. Nilisikia mtu wa upande wa pili akianza kusema kitu, akaacha.

"Mwekee mdomoni tu," Mwanahawa akasema. "Si lazima aongee. Anigunie tu."

Soko lilikuwa linapiga kelele zake za kila siku. Akabana simu kwa nguvu, akaziba sikio la pili kwa kidole, akafumba macho kama anayetafuta uzi kwenye kitambaa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaondoa kidole sikioni, akamalizia kufunga mchicha wangu, akaniongezea fungu juu.

"Basi sanda msinunue," akawaambia. "Naileta."